Darubini ya mtumba ya shilingi 7,000: nilivyoijaribu kwa ndege wa vuli, Mombasa

Kwanza bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta: shilingi 7,000. Kijana alianza na 11,000. Nikamwambia, mwanangu, kwa pesa hizo mimi nabeba kitambaa cha kushona wiki nzima na nauli ya kurudi Tudor inabaki. Akacheka, tukavutana, tukakutana hapo kwenye 7,000, na kitambaa cha kufutia vioo akanitilia juu.

Ni darubini ya 8x42, yaani inavuta mara nane na vioo vyake vya mbele vina upana wa milimita 42, nyeusi, mpira wake umechubuka upande wa kushoto. Jina la kampuni limefutika na herufi zilizobaki hazisomeki, kwa hivyo mkiniuliza ni ya nani sina jibu. Niliinunua mwisho wa Agosti katika kibanda kimoja karibu na Mwembe Tayari, ikiwa imelala kati ya chaja za simu na redio za gari. Nimeitumia Septemba, Oktoba na Novemba, karibu kila siku ambayo maji na wateja waliniruhusu. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka hamsini na tatu na navaa miwani. Hayo yakumbukeni, yatarudi mbele.

Sababu ya kuinunua ni aibu. Katika kikundi chetu cha kutazama ndege, watu kama kumi na watano tuliotawanyika kutoka Vanga mpaka Malindi, kuna daftari. Mwenye kuona kitu humpigia simu mwenye daftari, naye huuliza mambo matatu: wapi, maji yalikuwaje, na umemjuaje. Ukijibu "nimemjua tu", haandiki.

Basi mwaka jana niliripoti walakaa wanane Tudor. Mlakaa ndivyo tumwitavyo sisi kikundini. Wataalamu humwita Dromas ardeola. Ni mweupe, mgongoni ana weusi, miguu mirefu, na mdomo mnene mweusi kama koleo. Huyu ndiye mgeni tunayemngoja pwani nzima. Huzaa Somalia, Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi, na hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo alilolichimba mwenyewe mchangani, jambo ambalo wenziwe wa matopeni hawalifanyi. Darubini yangu ya wakati ule ilikuwa ile ndogo ya kukunja, 10x25. Saa saba mchana, ng'ambo ya hori, matope yakimetameta kwa jua, nikawaona wanane. Nikapiga simu.

Kesho yake mtoto wa kaka yangu na mwenye daftari wakaja kwa boda. Wakawakuta wanane palepale: kwarara weupe wenye vichwa vyeusi, walewale wanaopekua jaa la taka. Wageni wangu wa kutoka Arabuni walikuwa wenyeji wa takataka zetu wenyewe. Mstari wangu ukapigwa kalamu nyekundu. "Shangazi, hakuna neno," akaniambia yule kijana, kwa sauti ya upole mno. Afadhali angecheka.

Kwa hivyo mwaka huu nilipoingia kwenye kibanda sikuwa na haraka. Nawaambia nilivyoipima, mtu asije akapigwa. Nilisimama barabarani nikaelekeza darubini kwenye mnara wa msikiti. Ya kwanza aliyonipa ilinionyesha minara miwili, mmoja umeegemea mwenzake. Hiyo imeshaanguka, vioo vya ndani vimesogea, na utaumwa kichwa kabla hujamwona ndege. Nikairudisha. Ya pili mnara ulikuwa mmoja, umesimama sawa. Kisha nikaomba tochi ya simu, nikaimulika ndani kwa upande mpana, nikichungulia kutoka huko huko. Vumbi kidogo halidhuru. Unachotafuta ni nyuzinyuzi kama utando wa buibui; hiyo ni kuvu, na katika hewa yetu ya chumvi kuvu haiponi, inangoja. Sikuona kitu. Au niseme, wakati ule sikuona kitu.

Kulikuwa na gurudumu dogo upande wa jicho la kulia lililokuwa gumu. Muuzaji akasema limeharibika, nisilijali. Halijaharibika. Hilo ni la kulinganisha macho mawili yasiyo sawa, na ya nani yako sawa? Unafumba la kulia, unasawazisha kwa gurudumu la kati mpaka jicho la kushoto lisome maandishi ya mbali. Kisha unafumba la kushoto na kuzungusha lile dogo mpaka la kulia nalo lisome. Unaweka alama. Mimi niliweka kwa kalamu ya rangi ya kucha. Ugumu wake ni faida, halisogei lenyewe mkobani.

Sasa kwa sisi wa miwani. Vikombe vya macho vya darubini hii vinazungushwa vikashuka, na vikishuka naiona duara nzima bila kuvua miwani. Ile ya zamani nilikuwa naona kitundu cha funguo. Kwangu hili peke yake lina thamani ya shilingi 3,000 kati ya zile 7,000.

Na nuru. Watu hudhani darubini kubwa ni ile inayovuta sana. Chukua 42 ugawanye kwa 8, unapata 5 na kidogo. Hizo ndizo milimita za nuru inayofika jichoni. Ile yangu ya zamani ni 25 kwa 10, mbili na nusu. Ndiyo maana saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijatoka nyuma ya Mishomoroni, zamani nilikuwa naona vivuli vinavyotembea, na sasa naona miguu ina rangi gani. Miguu ndiyo kitambulisho cha ndege wa matopeni.

Vitabu vya shule vilitufundisha kwamba vuli ni wakati majani yanapopukutika Ulaya. Hapa miembe haina habari hizo. Kwetu kusi inachoka, bahari inalala, upepo unazunguka usijue unatoka wapi, kisha mvua za vuli zinapiga mabati. Lakini ni jambo moja lenye ncha mbili: huko kaskazini matope yanaganda na wadudu wanakwisha, na wenye mbawa wanatushukia. Wakubwa hutangulia, tangu Agosti. Watoto wa mwaka huo hufuata baadaye, wengine bila mzazi wa kuwaonyesha njia.

Wa kwanza kuipa darubini kazi alikuwa kitwitwi. Huyu hana makuu, utamkuta kwenye ukuta wowote wa bahari, mmoja mmoja. Kazi yake ni kutikisa mkia juu chini, juu chini, hachoki, mguu wa fundi kwenye cherehani ya kukanyaga. Mwaka jana nilimjua kwa kutikisika tu. Safari hii nimeona lile jeupe la kifuani linavyopanda mbele ya bawa kama kola iliyokatwa vibaya. Tangu nilipoliona, hata akisimama kimya simkosi.

Kisha sululu, jina moja na lile la chombo cha kuchimbia, na ukiuona mdomo wake huulizi kwa nini. Wapo wakubwa na wadogo. Mdogo ana mistari kichwani, mweusi, mweupe, mweusi, kama upindo wa kikoi. Tarehe za mwanzo za Septemba niliwahesabu wadogo kumi na mmoja upande wa Mikindani, maji yakipwa, na wote kumi na mmoja niliona mistari. Mwenye daftari aliandika bila swali la nne.

Yupo mwingine wa kijivu, mnene, macho makubwa, husimama peke yake kama mtu aliyegombana na jamaa zake. Akitulia hana alama yoyote. Akiruka tu, kwapani ana jeusi, kiraka kilichotiwa mahali ambapo mkono ukishuka hakionekani. Ndege huyu huzaa kule juu kabisa, Aktiki. Nilimngoja dakika arobaini aruke. Mikono ilitetemeka na chai ikapoa. Alipopita mvuvi na mtumbwi akaruka, na kwa muda wa kupepesa macho nikaliona kwapa. Darubini nzito haingenipa dakika arobaini. Hii niliipima kwa mizani ya mama muuza mbaazi: robo tatu ya kilo, kasoro kidogo.

Niliyempenda kuliko wote ana mdomo uliopinda kwenda juu, sindano iliyogonga kifungo. Huyu hatembei, anakimbia, kichwa chini, kama anayefukuza sarafu iliyodondoka. Jina lake la kigeni limetokana na mto Terek unaomwaga maji katika Bahari ya Kaspi. Miguu yake ni ya manjano yenye kuelekea rangi ya chungwa, na nimeiona, saa kumi na mbili na dakika kumi, naapa.

Sasa mapungufu, maana nikisifu tu mtadhani nauza.

Kuna ndege wawili wadogo wa mchangani, rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa mengi, wote wanatoka Asia ya Kati. Mmoja ni mkubwa kidogo na mdomo wake mrefu kidogo. Hilo "kidogo" ndilo linaloua. Wakiwa pamoja, hatua hamsini, nawatenganisha. Wakiwa mbali, 8 haitoshi. Nimekuwa naripoti "mmoja wa wale wawili", na daftari limekubali. Mwenye kutaka kuwamaliza hao anunue darubini ya miguu mitatu, ambayo bei yake ni cherehani mbili mpya.

Nililithibitisha hilo Mida, katikati ya Oktoba. Nilipanda matatu ya Malindi alfajiri, nikavuka Kilifi nikisinzia, nikashuka Mida kabla ya Gede. Hori ile imo katika hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotangazwa 1968, na wanakijiji wana daraja la mbao linaloning'inia juu ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kutazamia. Nilifika mapema mno, maji yamekupwa, ndege wote wako ng'ambo kama ufuta uliomwagika. Darubini yangu ikaonyesha ufuta mkubwa zaidi. Na daraja linatikisika: wewe umeshaegemea ukatulia, mtu mmoja nyuma yako akipiga hatua, ndege wote wanacheza ngoma.

Kijana mmoja mwongozaji alikuwa na darubini ya miguu mitatu, akaniambia, "Mama, ngoja. Maji yakijaa watakuja wenyewe." Nikakaa. Bahari hii wakati wa bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na matope ya Mida ni tambarare, kwa hivyo maji yakianza kuingia hayachelewi. Yakawasukuma. Sululu kwanza, kisha wale wadogo wanaokimbia makundi makundi, kisha heroe wachache wa rangi ya waridi iliyopauka. Na nyuma yao, wakitembea taratibu kama wazee wanaotoka msikitini, walakaa.

Kumi na wanne. Mgongo mweusi niliuona. Koleo la mdomo nililiona, na kaa ndani yake akipiga teke. Mmoja alikuwa na mgongo wa kijivu badala ya weusi, mtoto wa mwaka huu, mkubwa sawa na mzazi wake, anamfuata huku na huku akipiga mbinja apewe chakula. Ndivyo walivyo: watoto husafiri na wazazi mpaka huku na kuendelea kudai. Mimi nina wangu nyumbani, miaka ishirini na sita, hajaruka popote, sikushangaa.

Nilimpigia simu mwenye daftari nikiwa palepale darajani. Wapi? Mida. Maji? Yanajaa, yamefika kwenye mizizi ya mikoko. Umewajuaje? Nikamweleza mpaka yule mtoto. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, naandika." Mwongozaji alinipa nichungulie kwenye chombo chake pia, na nisiwe mwongo, tofauti ni kama kuona harusi kutoka barazani na kuwa ndani ukumbini.

Novemba ripoti zilimiminika nami nikawa na mashono ya shule, kwa hivyo nyingi nilizisikia tu. Mwenzetu mmoja dereva wa watalii alipiga simu kutoka barabara ya Voi: ndege wa buluu wenye mgongo wa hudhurungi wamepanga foleni kwenye nyaya za umeme, kila baada ya nguzo chache mmoja, wametoka Ulaya na Asia. Huyohuyo alipita Ngulia, Tsavo Magharibi, ambako tangu 1969 wataalamu hutega nyavu mwisho wa mwaka, usiku wa ukungu usio na mwezi, kwa kuwa ndege wasafirio usiku huvutwa na taa za hoteli. Huwavisha pete mguuni na kuwaachilia. Mwingine, wa Mariakani, aliona kozi wa Amur wakitangulia wingu la mvua kufuata kumbikumbi. Hao hutoka mashariki ya mbali, Siberia na Uchina, hupumzika India, kisha huivuka Bahari ya Hindi kwa mbawa zisizozidi kanga iliyokunjwa. Mimi jioni ile nilimwona kozi mmoja juu ya paa la jirani, mbio, nikaandika "kozi, aina sikuiona". Zamani ningemwita wa Amur ili tu niwemo.

Mbayuwayu walinipa kipimo cha upana. Kwa 10x25 ilikuwa kumfukuza inzi kwa kitundu cha sindano. Kwa hii nawafuata kutoka waya mpaka waya, wanaingia kwenye duara na kutoka, na nimeweza kuwatenga wale wenye shingo nyekundu kutoka Ulaya na wale wa kwetu wa mikia ya waya.

Mvua ndiyo iliyoniuma. Wiki ya pili ya Novemba ilinikuta Tudor bila mwavuli, dakika tano tu mpaka nikaingia chini ya kibanda cha samaki. Usiku ule vioo vilikuwa na ukungu, ndani, usiofutika. Maana yake mpira wa kuzuia maji umeshakufa zamani. Niliifungia kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Jirani yangu muuza viatu alinipa mkono mzima. Siku mbili ukungu ukaisha. Lakini tochi ilinionyesha, pembeni mwa kioo cha kulia, nyuzi tatu nyembamba. Zilikuwapo siku ya kununua zikajificha, au zimeota kwangu, sijui. Fundi wa kamera anataka 2,500 kuifungua na hatoi ahadi. Muuzaji, nilipomrudia, alisema, "Mamangu, mimi nilikuuzia darubini, sikukuuzia hali ya hewa." Nilitaka kukasirika nikacheka. Sasa inalala ndani ya ndoo kila usiku, na nyuzi bado ni tatu.

Mkanda wake wa asili ni nailoni, unakata shingo. Nikautupa, nikashona mwingine kwa suruali ya jinzi iliyochoka, mpana vidole vinne, na mkanda wa pili wa kifuani ili isiningoe shingo nikiinama. Chini ya buibui haionekani kabisa, na hilo ni jambo la maana kuliko mnavyofikiri. Mwanamke mwenye darubini mtaani Tudor ana maelezo ya kutoa. "Bi fundi, wamchungulia mume wa nani leo?" Nawapa waangalie, mara mbili za kwanza wanacheka, ya tatu wanauliza yule wa mdomo uliopinda yuko wapi. Karibu na bandari na feri siitoi mkobani kabisa. Askari mmoja aliwahi kuniuliza naandika meli gani, na daftari langu lilikuwa na hesabu za ndege kando ya vipimo vya kiuno vya wateja. Hayo kuyaeleza kulichukua muda.

Nyota nne kati ya tano kwa bei hiyo. Ya tano imo ndani ya ndoo na zile nyuzi. Mwenye macho mazuri na mikono imara, anayekaa mbali na maji, huenda akaona 8x42 ya mtumba haina haja. Wa miwani, wa asubuhi na mapema, wa hori na mikoko, sijaona bora kwa pesa hii.

Kibandani, mara ya mwisho nilipopita, kulikuwa na nyingine, 10x50, haina vifuniko, anaitaja 9,000. Niliishika: nzito, mkono wangu haukutulia hata sekunde kumi. Lakini vioo vyake ni safi. Mwenye kuitaka aende kabla ya saa sita, jua likiwa upande ule, na aanze na mnara.